BOINC inasema yamebaki masaa 4 kumbe ni 11: jinsi ya kusoma na kunyoosha makadirio ya muda

Kama unaendesha BOINC, ile programu ya kuchangia kompyuta yako kwa utafiti, lazima umeiona hii. Kazi mpya inaingia, inaandika yamebaki masaa matatu, unatoka unaenda kwenye shughuli zako, ukirudi jioni inasema yamebaki masaa matano, yaani muda unapanda badala ya kushuka. Ama inafika dakika kumi halafu inaganda hapo na asilimia bado ni 80. Watu wengi wakiona hivyo wanabonyeza Abort (kuifuta kazi), wanadhani imekwama, kumbe kazi ilikuwa nzima kabisa, na hapo yaka (umeme wa kulipia kabla) imeliwa, data imeliwa, na mtafiti aliyekuwa anasubiri matokeo inabidi atume kazi ile ile kwa mtu mwingine ianze sifuri. Inaniuma sana hiyo, manake sisi hapa Uganda kila saa ya umeme na kila MB tunayotoa kwa sayansi tunailipa mfukoni, haifai imwagike kwa sababu ya namba moja iliyosomwa vibaya.

Kwa wale wageni kidogo: BOINC ni programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, ilitengenezwa na watu wale wale wa SETI@home (mradi wa kutafuta ishara za viumbe wa anga za mbali) iliyoanza 1999, na kazi yake ni kuchukua nguvu ya kompyuta yako ambayo huitumii na kuipa miradi ya utafiti. Einstein@Home wanatafuta pulsa (aina ya nyota) na mawimbi ya graviti, Rosetta@home ni mambo ya protini, LHC@home ni ya maabara ya fizikia ya CERN, Climateprediction.net ilianzia Oxford. Na siyo mambo ya mbali tu, MalariaControl.net ya taasisi ya Basel kule Uswisi ilitumia kompyuta za watu kama sisi kuigiza jinsi malaria inavyosambaa Afrika, na kwenye World Community Grid kulikuwa na mradi wa mvua za Afrika wa chuo cha TU Delft kule Uholanzi. Ndiyo maana naona ni kitu cha kukifanya vizuri.

Hiyo namba inatoka wapi

Hakuna anayeangalia kazi yako na kujua itaisha saa ngapi. Kuna namba mbili tu zinagawanywa. Ya kwanza ni ukubwa wa kazi, ambao watu wa mradi wanauandika kabla kazi haijatumwa kwako. Ukitaka kuuona, nenda View, chagua Advanced view, fungua Tasks, gusa kazi moja halafu bonyeza Properties, utaona mstari "Estimated computation size" na mbele yake GFLOPs, yaani hesabu kwa mabilioni. Ya pili ni mwendo wa mashine yako. Ukubwa gawanya kwa mwendo, unapata sekunde.

Tuseme kazi ina GFLOPs 40,000 na BOINC inaamini kori moja (kitengo kimoja cha kufanyia hesabu) ya prosesa yako inafanya GFLOPs 2 kwa sekunde. Hapo ni sekunde 20,000, yaani masaa matano na nusu. Ni kama mtu akuambie Kampala mpaka Gulu ni kilomita 330 na kitu, gari linakimbia 100, basi ni masaa matatu na kidogo. Hesabu yenyewe haina shida ila jam ya Bwaise na Kawempe haimo.

Sasa mwendo BOINC anaujuaje? Siku ya kwanza anatumia kipimo kinachofanywa na programu yenyewe, na kinarudiwa kila siku 5. Kuna sehemu mbili, Whetstone inayopima hesabu za desimali na Dhrystone inayopima namba nzima. Shida ni kwamba hicho kipimo ni kidogo sana, kinaenea chote kwenye kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, wakati kazi halisi ya protini ama ya hali ya hewa inabeba data nyingi inabidi iende mpaka kwenye RAM na kurudi, na kama kori zote nne zinafanya kazi kwa pamoja zinagombania njia hiyo hiyo moja. Kwa hiyo laptopu ya used yenye RAM ndogo inapata alama nzuri kwenye kipimo, ikifika kwenye kazi yenyewe inatambaa.

Na ule ukubwa wa kazi nao ni makadirio. Watafiti wanapima kazi chache kwenye mashine zao halafu wanaweka namba moja kwa kundi zima, ila molekuli moja inaweza kuwa ngumu mara mbili ya nyingine na huwezi kujua mpaka umeifanya. Namba mbili za kukisia zikigawanywa, jibu halitakuwa sahihi, na hiyo siyo bagi (kosa la programu), ndivyo ilivyo.

Baadaye mambo yanakuwa mazuri. Miradi mingi seva yake inakumbuka kila kazi uliyomaliza. Ukishakuwa na matokeo zaidi ya 10 yaliyokubaliwa ya app moja (programu ya mradi inayofanya hesabu yenyewe), seva inaachana na kile kipimo inaanza kutumia mwendo halisi wa mashine yako kwa app hiyo. Unaweza kujionea: ingia kwenye akaunti yako katika tovuti ya mradi, fungua orodha ya kompyuta zako, chagua moja, tafuta "Application details". Utaona idadi ya kazi zilizomalizika na "Average processing rate". Hiyo ndiyo historia yako. Ukiona idadi ni 3 ama 4, usihangaike na makadirio kabisa, bado mashine haijajulikana. Halafu jua kwamba kila toleo la app lina historia yake peke yake, kwa hiyo mradi ukileta toleo jipya makadirio yanavurugika tena siku kadhaa hata kama umekuwa mwanachama miaka mitano. Watu wanashtuka wanadhani wameharibu kitu, hapana.

Einstein@Home ni tofauti kidogo na hapa ndipo malalamiko mengi yanatoka. Wao bado wanatumia njia ya zamani, ambapo kompyuta yako yenyewe inashika namba moja ya kurekebisha, inaitwa DCF kwa kifupi, na kila makadirio yanazidishwa na hiyo. Kazi ikichukua muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa DCF inaruka juu mara moja. Kazi ikiisha mapema inashuka, ila polepole, kidogo kidogo kila kazi. Na kwa mradi mzima ni DCF moja tu! Kwa hiyo kama unaendesha kazi za prosesa (CPU) na za kadi ya grafiki (GPU) kwa pamoja pale Einstein, na moja wapo imekadiriwa vibaya, zinavutana: inaisha ya prosesa iliyochelewa, DCF inapanda, ghafla kazi zote za GPU zinaonyesha masaa mengi ambayo siyo kweli, zinaisha kumi za GPU DCF inashuka, sasa za prosesa zinaonekana fupi na BOINC inaomba zingine nyingi. Dawa ninayoiamini ni moja, chagua aina moja ya kazi kwa Einstein na nyingine ipe mradi mwingine. Kwenye mapendeleo ya mradi, katika tovuti yao, unaweza kuzima CPU ama GPU.

Piga hesabu mwenyewe

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uishike hata kama zingine utasahau. Usiangalie muda uliobaki, angalia asilimia na muda uliopita.

Rudi kwenye ile kazi ya GFLOPs 40,000. Imekimbia saa moja na nusu, iko 12%. Gawanya: 12 kwa saa moja na nusu ni 8% kwa saa. Imebaki 88%, gawanya kwa 8, ni masaa 11. Programu wakati huo huo inakuambia masaa 4 ama 5 hivi. Nani mkweli? Wewe, manake wewe umetumia kilichotokea na yeye bado anang'ang'ania yale masaa matano na nusu ya mwanzo. Hata kugawanya siyo lazima, ndani ya Properties kuna mstari "Progress rate" unakupa asilimia kwa saa ama kwa dakika tayari.

Ndiyo maana muda unapanda. BOINC inachanganya makadirio mawili, yale ya kabla kazi haijaanza na yale yanayotokana na asilimia halisi, na mwanzoni yale ya kabla ndiyo mazito, kadiri asilimia inavyopanda ndivyo ukweli unavyopata nguvu. Kwa hiyo kazi iliyokadiriwa chini sana muda wake uliobaki utaganda ama utapanda katikati. Haijakwama, programu inajisahihisha polepole.

Jambo la pili ambalo naona karibu kila mtu analikosa: hayo masaa 11 ni masaa ya kukimbia, siyo masaa ya saa ya ukutani. Muda ambao kazi imesimamishwa hauhesabiwi. Kama laptopu yako inawaka masaa 6 kwa siku na umeiambia BOINC isimame ukiwa unaitumia, labda inapata masaa 4 tu ya kweli, hapo masaa 11 ni siku karibu tatu. Umeme ukikatika siku nzima, ongeza siku. BOINC kwa ndani inajua hili, inaweka rekodi ya sehemu gani ya muda mashine inawaka na sehemu gani inaruhusiwa kufanya kazi, na inatumia rekodi hiyo kuamua iombe kazi ngapi, ila kile kisanduku cha muda uliobaki hakikuonyeshi. Kwa hiyo ukilinganisha na dedilaini (siku ya mwisho ya kurudisha kazi), geuza kwanza masaa ya kukimbia kuwa siku za kwenu.

Na umeme ukikatika ghafla kazi hairudi pale ilipokuwa, inarudi kwenye chekipointi ya mwisho, yaani pale ilipojihifadhi mara ya mwisho. Properties inakuonyesha "CPU time since checkpoint", ukiona hapo kuna dakika 50 ujue ukizima sasa hivi unapoteza dakika 50. Miradi ya hali ya hewa chekipointi zake zinakuwa mbali, ya protini mara nyingi zinakuwa karibu. Kama pale unapokaa umeme unacheza sana na huna betri wala invata, kwa kweli chagua kazi fupi zenye chekipointi za karibu, zile ndefu za wiki nzima waachie wenye umeme wa uhakika, hakuna aibu.

Asilimia nazo saa ingine zinadanganya

Hesabu yangu inategemea asilimia inapanda kwa mwendo sawa. Kazi nyingi ziko hivyo, siyo zote.

Einstein wamekuwa na kazi za pulsa za miale ya gama kwenye GPU, ambazo zinapanda vizuri mpaka karibu 90% halafu zinasimama. Hapo app inarudia kuchunguza kwa makini zile ishara bora ilizopata, inatumia prosesa zaidi, na asilimia haisogei, halafu ghafla inaruka 100. Ukibonyeza Abort pale umetupa kazi iliyokuwa inamalizia.

Rosetta@home ni mnyama mwingine kabisa. Pale kazi haina ukubwa maalum, ina muda. Wewe mwenyewe unachagua kwenye mapendeleo ya mradi unataka kila kazi ikimbie masaa mangapi, kawaida ni 8, na app inajenga miundo ya protini moja baada ya nyingine mpaka muda ukaribie kwisha, inafunga. Mashine ya haraka na ya polepole zote zinachukua masaa 8, tofauti ni idadi ya miundo. Kwa hiyo ukibadilisha huo muda wakati una kazi nyingi kwenye foleni, makadirio yote yatakuwa ya uongo kwa muda. Badilisha foleni ikiwa karibu tupu.

Halafu kuna app ambazo hazitoi asilimia kabisa. BOINC haitaki kukuonyesha sifuri masaa yote kwa hiyo inatunga asilimia kutokana na makadirio, na imetungwa hivi kwamba inakaribia 100 bila kuifikia, inapungua mwendo kila inavyokaribia. Utaona 99.2, kesho 99.8, halafu 99.95. Hapo hesabu ya asilimia haifai. Kitu cha kufanya ni kwenda kwenye akaunti yako, orodha ya kazi zilizokwisha za app hiyo, uangalie "Run time" za zamani. Kama zako zinaishaga kwa masaa 14 na hii iko 13, subiri.

Sasa kunyoosha

Anza na foleni. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Options, Computing preferences, chini kule kuna "Store at least" na "Store up to an additional", zote ni kwa siku. Ukijiunga mradi mpya weka 0.1 na 0.1 basi. Watu wanaogopa mtandao utakatika wanaweka siku 5 siku ya kwanza, na kwa kuwa makadirio ya siku ya kwanza ni ya chini, BOINC inaona kazi ya masaa matano na nusu kumbe ni 12 na nusu, inajaza kazi za siku 11 ikidhani ni za siku 5, na nyingi zake zinaweza kupitwa na dedilaini. Subiri mpaka zile kazi 10 na kitu zikubaliwe, uone makadirio yametulia, ndipo upanue. Kama unanunua data wikiendi tu na katikati ya wiki huna mtandao, sawa, weka siku 3, ila chagua mradi wenye dedilaini ndefu, mfano baadhi ya kazi za Einstein huwa ni za wiki mbili.

Angalia pia kwamba ukibadilisha mapendeleo kwenye kompyuta yenyewe yanashinda yale ya tovuti. Kuna watu wanahangaika kubadilisha kwenye tovuti na mashine haisikii kwa sababu hiyo.

Halafu "Use at most % of CPU time", iache 100. Ukiiweka 50 BOINC inawasha na kuzima kazi kila sekunde chache, kazi ya masaa 6 inakula 12 ya ukutani na historia yako haieleweki. Kama mashine inachemka, punguza idadi ya kori, ile ya "% of the CPUs" weka 50, hizo kori zilizobaki zikimbie kwa mwendo mmoja bila kukatwakatwa. Mwendo mmoja ndio unaofanya makadirio yawe mazuri. Kwa hiyo hiyo sababu safisha feni! Vumbi letu jekundu linaziba laptopu ndani ya miezi michache, prosesa ikichemka inajipunguza mwendo yenyewe, asubuhi kazi inachukua masaa 6 mchana kwenye joto inachukua 9, na hakuna programu duniani itakayokadiria hiyo. Brashi ndogo na hewa, umemaliza.

Weka tiki kwenye "Leave non-GPU tasks in memory while suspended" kama RAM inatosha, hapo kazi ikisimamishwa kwa sababu unatumia mashine haitarudi nyuma kwenye chekipointi. Ukizima kompyuta itarudi tu, hiyo haikwepeki.

Kuhusu kile kipimo cha mwendo: kama kilifanyika wakati mashine iko bize ama imechoka kwa joto, namba zake ni mbovu. Funga kila kitu, chomeka chaja, acha mashine ipoe, halafu Tools, "Run CPU benchmarks". Mara moja inatosha. Nimeona watu wanairudia kila siku wakitegemea makadirio yapone, lakini kwenye mradi ambao seva imeshajua historia yako kipimo hicho hakibadilishi chochote cha maana.

Kuna kimoja kizuri ambacho hakijulikani sana. Kama una hakika app fulani asilimia zake zinapanda sawasawa, unaweza kuiambia BOINC iache yale makadirio ya kabla na itumie asilimia peke yake, yaani ile ile hesabu ya mkono. Tengeneza faili la maandishi matupu linaitwa app_config.xml, ndani yake:

<app_config>
  <app>
    <name>jina_la_app</name>
    <fraction_done_exact/>
  </app>
</app_config>

Liweke kwenye folda ya mradi wenyewe. Kwa Windows ni C:\ProgramData\BOINC\projects halafu folda yenye anwani ya mradi, na ProgramData huwa imefichwa kwa hiyo iandike mwenyewe kwenye sehemu ya anwani. Kwa Ubuntu angalia /var/lib/boinc-client/projects. Kisha Options, "Read config files". Jina la app lazima liwe lile fupi la ndani siyo lile refu la kwenye skrini, na kama hulijui andika lolote halafu fungua Event Log (orodha ya ujumbe wa BOINC), BOINC yenyewe italalamika haijui hiyo app na itakutajia zile inazozijua. Ukitumia Notepad hakikisha faili halijaishia na .txt, hilo linawakwamisha wengi. Kumbuka hii inanyoosha kazi ambayo imeshaanza kukimbia tu, zile zinazosubiri kwenye foleni bado zitaonyesha makadirio ya zamani, na kwa app zisizotoa asilimia za kweli usiiweke.

Kuhusu kufungua client_state.xml na kubadilisha DCF kwa mkono, najua wapo wanaofanya. Inawezekana, ila lazima uizime BOINC kabisa kwanza na uhifadhi nakala, manake ukikosea herufi moja kwenye faili hilo unaweza kupoteza kazi zote ulizonazo. Mimi nashauri uache, DCF itajishusha yenyewe kazi zikiendelea kuisha. Na tafadhali usitumie Reset wala Remove ya mradi kama dawa ya makadirio. Inafuta kazi zote zilizo mkononi na utadaunlodi upya mafaili ya app, mengine ni mamia ya MB.

Imekwama kweli ama inakadiriwa vibaya?

Fungua Properties, andika pembeni "CPU time" na "Elapsed time" na asilimia. Kaa nusu saa, angalia tena. Kama CPU time imepanda karibu sawa na ile elapsed, kazi inafanya kazi, iache hata kama muda uliobaki unasema sifuri. Kama elapsed imepanda dakika 30 na CPU time imepanda sekunde mbili tatu, na siyo kazi ya GPU (za GPU zinatumia prosesa kidogo kwa kawaida), hapo kuna kitu. Usifute bado. Zima BOINC vizuri, washa upya, mara nyingi inaamka kutoka chekipointi na kuendelea. Ikirudia tena pale pale, ndipo Abort.

Na kuna kifo kingine cha kazi kinachotokana na makadirio haya haya. Kila kazi ina kikomo cha juu cha hesabu, ikikipita BOINC yenyewe inaiua na kuandika imezidi muda unaoruhusiwa. Kama mashine yako imepewa mwendo mkubwa kuliko uwezo wake, kikomo hicho kinafika mapema kuliko inavyofaa na kazi nzuri inakufa. Ukiona makosa ya aina hiyo yanajirudia kwenye app moja, wakati app zingine ziko salama, acha kuchukua kazi za app hiyo kwa muda.

Umeshajaza kazi nyingi tayari?

Kwanza, nenda Projects, chagua mradi, bonyeza "No new tasks" isiendelee kuomba. Kisha piga ile hesabu ya siku za kwenu: kori ngapi, masaa mangapi kwa siku, kazi moja inachukua muda gani kweli. Kama kori 2 zinakimbia masaa 8 kwa siku na kazi moja ni masaa 12 na nusu, unamaliza kazi kama 9 kwa wiki. Una 20 za dedilaini ya wiki moja? Kumi na moja hazitafika. Hizo ambazo hazijaanza kabisa, futa zile za mwisho kwenye foleni leo leo, usingojee dedilaini ipite. Ukizifuta leo seva inazituma kwa mtu mwingine leo, ukizikalia watafiti wanapoteza wiki nzima wakikusubiri, na miradi mingine inalinganisha matokeo ya watu wawili kabla ya kuyakubali kwa hiyo kuna mwenzako mahali fulani ambaye kazi yake imekamilika na inakungoja wewe. Zilizoanza ziache ziishe. BOINC nayo ikiona dedilaini inabana itazipa kipaumbele yenyewe, itaacha miradi mingine pembeni kwa muda, hapo usiingilie, baadaye itailipa ile mingine.

Kwenye simu hesabu ni ile ile ila masaa yanakuwa machache zaidi. Kwa kawaida BOINC ya Android inafanya kazi simu ikiwa kwenye chaja, betri imefika 90%, na mtandao inatumia WiFi tu. Usiku ukichaji masaa 6 na ya kwanza mawili yanaishia kujaza betri, umebaki na manne. Kazi inayoonyesha masaa 10 ni usiku tatu. Chagua mradi wenye kazi fupi.

Likibaki tatizo ni la mradi

Ukiona kazi zote za kundi moja zinachukua mara tatu ya makadirio, mashine yako ina historia ya kutosha, na app zingine ziko sawa, basi ule ukubwa wa kazi uliandikwa vibaya na hakuna kitu wewe unaweza kubadilisha kwako. Waambie watu wa mradi. Usiandike tu "makadirio ni mabaya", hawawezi kufanya chochote na hiyo. Wape jina la app na toleo lake, jina kamili la kazi mbili tatu, ile namba ya "Estimated computation size", muda uliokadiriwa mwanzoni, CPU time na run time za kweli, aina ya prosesa, RAM, na kama ulikuwa unaendesha kori zote ama nusu. Ongeza pia kwamba umeme ulikatika mara ngapi kazi ikiwa katikati kama ilitokea, manake wakiona run time kubwa bila kujua hilo watadhani kosa liko kwenye app yao. Namba hiyo ya ukubwa wanaibadilisha upande wa seva, na makundi yanayofuata yatakuja na makadirio mapya bila wewe kugusa kitu.